SOMO: Amani ni Kazi ya Wasio na Bunduki

Maandiko ya kusoma kwanza: 2 Samweli 21:10-14, Luka 18:1-8, Isaya 2:4

Katika toleo hili tumechagua kujifunza kutokana na maisha ya dada mmoja wa Afrika Magharibi, Leymah Gbowee wa Liberia. Tumemchagua kwa sababu tatu. Ya kwanza, alikuwa mkimbizi kama sisi. Ya pili, kazi yake ilianzia kanisani, kati ya akina mama waliokutana kuomba. Ya tatu, alikuwa bado kijana, mwenye umri wa miaka 31, alipoongoza maelfu ya wanawake kudai wenye bunduki waketi mezani, watie sahihi, kisha waweke silaha chini.

Hapa katika makazi yetu tunasikia mara nyingi maneno haya: "Amani ni kazi ya wakubwa. Sisi wakimbizi tutafanya nini? Tungoje tu." Somo hili linataka kujibu neno hilo. Tutaona kwamba wenye bunduki, wakiachwa peke yao, hawana haraka ya amani. Tutaona pia kwamba sahihi kwenye karatasi si mwisho wa kazi. Hilo sisi tunalijua vizuri. Tumeona Mkataba wa Arusha kwa ajili ya Burundi mwaka 2000. Tumeona Sun City kwa ajili ya Kongo mwaka 2003, na Goma tarehe 23 Machi 2009. Karatasi zilitiwa sahihi, na wengi wetu tulikimbia, au tulikimbia tena, baada ya sahihi hizo.

1. Vita vya Liberia

Liberia ilianzishwa na watu weusi waliotoka Marekani, wengi wao watumwa waliopewa uhuru, na ilijitangazia uhuru wake mwaka 1847. Kwa muda mrefu wazao wa hao wageni, ambao walikuwa wachache, waliwatawala wenyeji waliokuwa wengi, na uchungu ukajengeka. Mwaka 1980 askari mmoja wa cheo cha chini, Samuel Doe, alipindua serikali, na Rais William Tolbert akauawa. Doe naye akapendelea watu wa kabila lake. Tarehe 24 Desemba 1989 wapiganaji wa Charles Taylor wakavuka mpaka kutoka Ivory Coast, na vita vikaanza.

Ndugu msomaji, ukiondoa majina ya mahali, habari hii unaweza kufikiri ni ya kwenu. Wachache wanatawala, wengine wanapindua, kabila linapendelewa, mtu anavuka mpaka na bunduki akisema amekuja kuokoa watu, na watu haohao ndio wanaokufa.

Mwezi Julai 1990 watu waliokimbilia katika kanisa la Kilutheri la St. Peter, mjini Monrovia, walishambuliwa usiku na askari wa serikali, na kama watu 600 wakauawa. Tunaomba mlikumbuke kanisa hilo, maana tutalitaja tena.

Mwaka 1997 ulifanyika uchaguzi na Taylor akawa rais. Wengi walimpigia kura kwa hofu kwamba akishindwa atarudi porini. Lakini vita vilirudi mwaka 1999. Kundi la LURD lilipigana kutoka kaskazini, na mwaka 2003 kundi jingine, MODEL, likaingia kutoka upande wa Ivory Coast. Inakadiriwa kwamba katika vita vyote viwili walikufa hadi watu 250,000, katika nchi yenye watu wapatao milioni tatu tu.

2. Mkimbizi aliyerudi mikono mitupu

Leymah Gbowee alizaliwa mwaka 1972. Vita vilipoanza alikuwa na miaka 17, amemaliza sekondari, na nia yake ilikuwa kusomea udaktari. Vita vikakata njia hiyo. Baadaye akapata watoto na mwanaume aliyekuwa akimpiga. Mwenyewe ameeleza habari hizo waziwazi katika kitabu chake cha mwaka 2011. Walikimbilia Ghana, wakaishi huko kwa shida kubwa, karibu kufa njaa. Mwishowe akaamua kurudi nyumbani na watoto wake. Hakuwa hata na nauli. Alipanda basi kwa mkopo, safari ya zaidi ya wiki moja.

Tunaandika hayo ili mtu asiseme kwamba dada huyu alikuwa na kitu ambacho sisi hatuna. Hakuwa na fedha, wala mume wa kumtetea, wala cheo. Ujuzi alioupata kwanza ulikuwa mafunzo mafupi ya ustawi wa jamii yaliyotolewa wakati wa vita. Mwaka 1998 alianza kujitolea katika mpango wa Kanisa la Kilutheri la Liberia wa kuponya majeraha ya moyo na kupatanisha watu. Ofisi za kazi hiyo zilikuwa palepale St. Peter, kwenye kanisa lile lililomwagika damu.

3. Alianza na wale waliomchukiza

Kazi aliyopewa ilikuwa kuwashauri vijana waliokuwa wapiganaji wa Taylor. Wengine walichukuliwa wakiwa watoto wadogo, wakapewa dawa za kulevya na bunduki, wakaambiwa kamanda ndiye baba yao. Wengi walirudi bila mguu au bila mkono. Walikuwa wakali, wenye matusi, na hakuna aliyewataka.

Leymah hakuwapenda. Watu kama hao ndio walioharibu maisha yake. Lakini kwa kukaa nao siku baada ya siku akaona jambo ambalo sisi pia tunapaswa kuliona, kwamba mtoto aliyepewa bunduki ametenda uovu, na pia ametendewa uovu. Ukilisema la kwanza bila la pili, unamfukuza arudi msituni. Ukilisema la pili bila la kwanza, unawadharau aliowaumiza. Mshauri mwema hubeba yote mawili.

Angalieni pia mpangilio wa kazi yake. Kabla hajasimama mbele ya rais kusema juu ya silaha, alikuwa ameketi miaka kadhaa na walioshika silaha hizo. Alijua njaa yao, hofu yao na ahadi walizodanganyiwa. Anayetaka kuwaambia watu waweke bunduki chini, kwanza ajue kwa nini waliziokota.

4. Risasi haiulizi dini

Mwaka 2001 wanawake wa nchi mbalimbali za Afrika Magharibi walianzisha mtandao wa wanawake wajenzi wa amani, unaojulikana kwa kifupi kama WIPNET. Mwenye wazo alikuwa Thelma Ekiyor wa Nigeria, naye Leymah akawa mratibu wa Liberia. Mwaka uliofuata Leymah aliota ndoto akiambiwa awakusanye wanawake wa kanisa waombe kwa ajili ya amani. Alijiona hafai, akafikiri ndoto hiyo ni ya mtu mwingine. Lakini akina mama wenzake wakashika neno hilo, wakaanza kukutana kuomba pale St. Peter.

Katika mkutano mmoja alisimama mama aitwaye Asatu Bah Kenneth. Alikuwa afisa wa polisi na Mwislamu, Mwislamu pekee katika mkutano ule. Alisema kwamba jambo hili amelipenda, naye atakwenda kuwaamsha wanawake wa Kiislamu. Wakristo wengine walisita. Waliuliza kama kushirikiana na Waislamu hakutaharibu imani. Jibu lililowatuliza lilikuwa swali: je, risasi inapopigwa, inachagua Mkristo au Mwislamu?

Wapendwa, hakuna aliyeacha imani yake. Wakristo waliomba kwa jina la Yesu, na Waislamu waliomba kwa namna yao. Lakini walidai pamoja. Kwa miezi mingi walizunguka wawili wawili. Ijumaa walikwenda misikitini, Jumamosi sokoni, Jumapili makanisani, wakigawa karatasi na kuwaeleza wanawake kwamba wana haki ya kusema. Kwa wale wasiojua kusoma walitumia michoro.

5. Walioketi kwenye jua na mvua

Mwezi Aprili 2003 vita vilikuwa vinaukaribia mji mkuu. Wanawake wakaanza kuketi kila siku katika uwanja karibu na soko la samaki mjini Monrovia. Walichagua mahali hapo kwa sababu msafara wa magari ya rais ulipita hapo. Walivaa fulana nyeupe na vitambaa vyeupe kichwani, bila mapambo, ili mtu asijue nani tajiri na nani maskini. Jua liliwachoma na mvua ikawanyeshea, na hawakuondoka. Madai yao yalikuwa matatu: mapigano yasimamishwe mara moja bila masharti, serikali na waasi wazungumze, na majeshi ya kulinda amani yaje.

Wengine waliwanyima waume zao kitanda mpaka vita viishe. Habari hiyo ndiyo iliyopendwa sana na waandishi wa habari wa nje. Leymah mwenyewe ameeleza kwamba haikubadilisha mengi, ila iliwafanya watu wa mbali wasikilize. Kilichofanya kazi kilikuwa kule kuketi, kila siku, mahali pale pale.

Tarehe 23 Aprili 2003 Taylor alikubali kuwapokea. Leymah alisoma tamko lao. Kwa busara alilielekeza kwa mama Grace Minor, aliyekuwa kiongozi wa Seneti, amfikishie rais, ijapokuwa rais alikuwa ameketi palepale akisikia. Alisema kwamba wanawake wamechoka na vita, wamechoka kukimbia, wamechoka kuombaomba chakula, na wanasimama kwa ajili ya kesho ya watoto wao. Taylor akakubali kwenda kwenye mazungumzo. Wanawake hawakuridhika na upande mmoja. Wengine walikwenda Freetown, Sierra Leone, walikokuwa viongozi wa waasi, wakawashurutisha nao wakubali.

Hapa tusome 2 Samweli 21. Rispa, binti Aya, alipoteza wana wawili kwa sababu ya siasa za wakubwa. Hakuwa na jeshi. Alitandika gunia juu ya mwamba, akaketi tangu mwanzo wa mavuno mpaka mvua iliponyesha, akifukuza ndege mchana na wanyama usiku. Biblia haituandikii neno hata moja alilosema. Lakini mfalme Daudi akapata habari, akainuka, akafanya lililopaswa kufanywa. Yule mjane wa Luka 18 naye alishinda kwa njia hiyo hiyo: alirudi, akarudi tena, mpaka kadhi akachoka. Tunapomwomba Mungu amani, tuwe tayari pia kuketi mahali ambapo mfalme atatuona.

6. Wanawake wa kambi ya Buduburam

Mazungumzo yalifunguliwa nchini Ghana tarehe 4 Juni 2003. Siku hiyo hiyo Mahakama Maalum ya Sierra Leone ilitangaza hadharani mashtaka dhidi ya Taylor, naye akarudi Monrovia haraka. Wajumbe walibaki. Walilala katika hoteli nzuri, wakala, wakanywa, wakabishana juu ya nani atapata wizara gani. Wiki zikapita. Nyumbani mabomu yalikuwa yakianguka juu ya watu waliojificha mjini.

Sasa sikilizeni sehemu inayotuhusu zaidi. Huko Ghana, upande wa magharibi wa mji wa Accra, ilikuwapo kambi ya wakimbizi wa Liberia iitwayo Buduburam, iliyofunguliwa mwaka 1990. Ilikuwa na makumi ya maelfu ya watu. Wakimbizi wake walijua mambo tunayoyajua: foleni, mgao unaopungua, kungoja nchi ya tatu, kusahauliwa. Leymah na wenzake walipotaka kuongeza nguvu mjini Accra, waliwaendea akina mama wa kambi hiyo, nao wakaja, wakiwa wamevaa nyeupe.

Tarehe 21 Julai 2003 wanawake wapatao mia mbili walishikana mikono wakaketi mbele ya mlango wa ukumbi wa mazungumzo. Walimpelekea ujumbe mpatanishi mkuu, Jenerali Abdulsalami Abubakar wa Nigeria, kwamba wajumbe hawatatoka humo mpaka wafanye kazi iliyowaleta. Walinzi walikuja kumkamata Leymah. Ndipo akasimama, akaanza kuvua nguo zake mbele yao.

Tunajua habari hii ni nzito kuisoma kanisani. Lakini wazee wetu wanaelewa maana yake bila kuelezwa. Katika nchi nyingi za Afrika, na kwetu pia, mama mzazi akijivua nguo kwa uchungu mbele ya wanaume, ni laana juu yao. Hakufanya hivyo kwa kukosa heshima. Alikuwa akiwaambia kwamba heshima yote wameshamnyang'anya, na kilichobaki anakitoa mwenyewe. Walinzi wakarudi nyuma. Mjumbe mmoja alipotaka kupita kwa nguvu juu ya wanawake, Jenerali Abubakar alimkemea kwamba mwanaume wa kweli hawezi kuwaua watu wake.

Wanawake waliondoka baada ya kuahidiwa kwamba wajumbe watahudhuria vikao na mazungumzo yatasonga mbele. Wakasema wasipoona mabadiliko watarudi, wakiwa wengi zaidi. Tarehe 11 Agosti Taylor aliachia urais, akaenda Nigeria. Tarehe 18 Agosti 2003 mkataba wa amani ukatiwa sahihi mjini Accra.

Hatusemi kwamba wanawake peke yao walileta mkataba. Waasi walikuwa wameubana mji, majirani walishinikiza, majeshi ya Afrika Magharibi yaliingia, na mashtaka ya mahakama yalimwondolea Taylor nguvu. Lakini tunasema hivi: siku wajumbe waliposahau kwa nini walikuja, waliowakumbusha walikuwa wakimbizi walioketi sakafuni.

7. Kuweka silaha chini ni kazi kuliko kutia sahihi

Wengi wakisimulia habari za Leymah huishia hapo. Sisi tusiishie hapo, maana makosa ya nchi zetu yamekuwa mara nyingi katika hatua inayofuata.

Umoja wa Mataifa uliamua kupeleka Liberia hadi askari 15,000 wa kulinda amani. Tarehe 7 Desemba 2003, kabla wengi wao hawajafika, shughuli ya kukusanya silaha ilifunguliwa katika kambi ya Schieffelin, nje ya Monrovia. Kila mpiganaji aliahidiwa dola 300 kwa awamu mbili. Walikuja maelfu, wengi kuliko walivyotarajiwa. Mahali hapakutosha na fedha hazikuwa tayari. Wapiganaji wakakasirika, wakafyatua risasi, fujo zikafika mjini, na watu wakafa. Baada ya siku chache kazi hiyo ikasimamishwa.

Akina mama wa WIPNET walikuwa wametoa ushauri mapema, maana waliwajua vijana hao, lakini hawakusikilizwa vya kutosha. Baada ya fujo wakahitajika. Walisaidia kutuliza vijana na kuwaeleza watu hatua kwa hatua: uende wapi, ulete nini, utapewa nini na lini. Kazi ilianza upya mwezi Aprili 2004, safari hii kwa maandalizi, ikamalizika mwishoni mwa mwaka huo. Walioandikishwa walikuwa zaidi ya 100,000, na kati yao zaidi ya 22,000 walikuwa wanawake na karibu 11,000 walikuwa watoto. Silaha zilizokusanywa zilikuwa kama 28,000.

Tazameni hesabu hiyo. Watu ni wengi kuliko bunduki karibu mara nne. Wengine walileta risasi tu. Wengine walikuwa wapishi, wabeba mizigo, wasichana waliochukuliwa kwa nguvu. Hii inatufundisha kwamba kupokonya silaha si kuhesabu vyuma. Ni kumpokea mtu, kumpa kazi ya mikono au shule, na kumtafutia kijiji kitakachomkubali. Isaya 2:4 haisemi kwamba panga zitatupwa tu. Inasema zitafuliwa ziwe majembe. Kwa hiyo panahitajika mhunzi, panahitajika moto, na panahitajika shamba la kulimia.

8. Haki haikuachwa nyuma

Mwaka 2005 wanawake hao hao waliwahimiza wenzao wajiandikishe kupiga kura, na Ellen Johnson Sirleaf akachaguliwa. Aliapishwa Januari 2006, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuwa rais wa nchi katika Afrika. Mwaka 2011 Leymah, Sirleaf na Tawakkol Karman wa Yemen walipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Leymah hakunyamaza kwa sababu ya tuzo. Mwaka 2012 alijiuzulu uongozi wa kazi ya upatanisho ya taifa na kuikosoa serikali ya Sirleaf hadharani juu ya ufisadi na upendeleo wa ndugu. Mpigania haki za binadamu hana rafiki ambaye haambiwi ukweli.

Mwaka 2012 Charles Taylor alihukumiwa kifungo cha miaka 50. Lakini hukumu hiyo ilihusu maovu ya Sierra Leone, si ya Liberia. Waliouawa St. Peter na kwingineko hawakupata mahakama yao. Mwaka 2024 Rais Joseph Boakai alitia sahihi amri ya kuunda ofisi ya kuandaa mahakama hiyo, miaka zaidi ya ishirini baada ya mkataba. Amani ilitangulia na haki ikachelewa. Wenye majeraha wanajua kuchelewa huko kunauma namna gani.

9. Yanayotuhusu sisi hapa

Sasa tufanye nini na somo hili? Tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, tuwalinde vijana wetu. Tunajua kwamba katika makazi mengi huja watu wakiongea na vijana kwa siri, wakiahidi fedha na cheo, wakisema ni kwa ajili ya kutetea kabila. Wazazi, msione aibu kuuliza kijana anakwenda wapi. Kuandikisha mtoto wa chini ya miaka 15 katika jeshi au kundi la silaha ni uhalifu wa vita. Ni kwa kosa hilo Thomas Lubanga wa Ituri alitiwa hatiani mwaka 2012, katika hukumu ya kwanza kabisa ya Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai. Na Mkataba wa OAU wa mwaka 1969 juu ya wakimbizi, kifungu cha 3, unatukataza kufanya vitendo vya uasi dhidi ya nchi yoyote mwanachama. Mwenye kuchangia bunduki kwa siri anahatarisha hifadhi ya jirani zake wote. Mkiona jambo kama hilo, ongeeni na viongozi wa makazi na ofisi ya ulinzi wa wakimbizi, kwa busara na bila kumsingizia mtu.

Pili, tuwapokee waliorudi. Miongoni mwetu wamo walioshika silaha. Wengine wako kwenye viti vya kanisa na wanaogopa kujulikana. Kanisa lisiwe mahali pa kuwanyooshea kidole, wala lisiwe mahali pa kuwaficha wasikiri. Liwe mahali pa kuketi nao, kama Leymah alivyoketi na vijana wale, huku tukiwatunza kwanza waliojeruhiwa.

Tatu, tuombe na kutenda pamoja na wengine. Ibada zetu zina lugha nyingi, lakini baada ya ibada kila kabila hurudi upande wake. Akina mama wanakutana kwenye bomba la maji kila siku, Wakristo kwa Waislamu, kabila hili na lile. Bomba hilo linaweza kuwa uwanja wetu wa samaki. Ugomvi wa watoto ukizuka hapo na mama wa kabila la pili akawa wa kwanza kuuzima, hiyo ni kazi ya amani.

Nne, tusichoke. Kutoka maombi ya kwanza pale St. Peter mpaka mkataba ulipita zaidi ya mwaka mmoja. Kutoka mkataba mpaka silaha za mwisho kukusanywa, mwaka mwingine na zaidi. Askari wa mwisho wa Umoja wa Mataifa waliondoka Liberia mwaka 2018. Anayepanda amani apande kama mwenye kupanda mti.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Someni tena 2 Samweli 21:10-14. Rispa alifanya nini ambacho mfalme hakukifanya mpaka alipopata habari zake?
2. Kwa nini baadhi ya wanawake Wakristo walisita kushirikiana na Waislamu? Je, sisi tunasita na nani?
3. Mtu aliyeua akija leo kutaka kuimba kwaya, kanisa lifanye nini kwake, na lifanye nini kwa familia aliyoiumiza?
4. Katika kazi ya kukusanya silaha Liberia, ni nini kilichoharibika Desemba 2003 na ni nini kilichorekebishwa Aprili 2004? Nchi yako ingejifunza nini hapo?
5. Tajeni jambo moja ambalo kikundi chenu kitafanya mwezi huu katika mtaa wenu, na nani atalisimamia.

Tunawaomba viongozi wa vikundi watuletee majibu ya swali la tano, ili toleo lijalo tuone kile ambacho kila mtaa umeamua kufanya. Bwana wa amani awape amani nyakati zote, ninyi na watoto wenu, hapa ugenini na kule tulikotoka. Amina.